Mpira Mfupi wa Mzee Habbo

Kila Jumatano saa tisa alasiri, kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa Machi, uwanja namba mbili wa ukumbi wa tenisi pale nje kidogo ya mji ulikuwa wa Habbo Poppinga na mkwe wake Tjark. Hakuna aliyethubutu kuugusa. Huku kwetu mtu hukodi uwanja kwa majira yote ya baridi, siku ile ile, saa ile ile, na akishaipata saa yake haiachi mpaka azikwe. Wapo watu ambao kwa miaka wamekuwa wakiwauliza majirani zao hali ya afya, kwa upole uliozidi kidogo, wakisubiri saa nzuri ibaki wazi. Habbo na Tjark walikuwa na saa yao kwa miaka ishirini na mmoja.

Tjark Ihnen alikuwa daktari wa meno, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, na kliniki yake ilifungwa Jumatano mchana kama kliniki zote za huku. Habbo alikuwa na sabini na saba. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa lile tuta refu la nyasi linalozuia bahari isiingie sebuleni mwa watu. Miaka thelathini na minne alilitembea kwa mguu, upepo ukimpiga usoni, akitafuta tundu la fuko, maana tundu moja dogo lilimtosha kukosa usingizi. Mtu aliyezoea kazi ya namna hiyo haachi. Ukimwalika chakula, ataiona skrubu iliyolegea mlangoni kabla hajaiona supu.

Yeye ndiye aliyemfundisha Tjark tenisi, mwaka ule Tjark alipoanza kumchumbia binti yake Wiebke. Hakumwuliza kijana mengi. Alimtia raketi mkononi, akamsimamisha upande wa pili wa wavu, akaanza kumpa mipira ya kila aina ili amjue vizuri. Mipira migumu Tjark aliirudisha kwa bidii ya kuridhisha. Ukija ule mwepesi, mfupi, uliotua katikati ya uwanja na kuinuka polepole kama unaomba kupigwa, aliutupa nje.

"Unaona?" Habbo alimwambia siku ile. "Huo ndio mtihani wa mtu. Mpira mgumu unakuchagulia wenyewe la kufanya, wewe unakimbia tu. Huu mwepesi unakuachia uhuru, na uhuru umewaangusha watu wengi. Sasa nisikilize. Mpinzani wako yuko nyuma kabisa? Udondoshe nyuma tu ya wavu. Yuko upande mmoja? Piga kona ile nyingine, mbali, uufuate mpira mpaka wavuni. Ameshaanza kuikimbilia kona hiyo? Rudisha alikotoka. Basi, hakuna la nne. Na uchague kabla mpira haujadunda. Ukishachagua, hata nyumba iungue, usibadilishe."

Tjark aliyashika maneno hayo, na kwa miaka ishirini wawili hao walikimbizana bila huruma. Habbo alikimbilia kila mpira, hata ule ambao mtu mwenye akili timamu angeuacha. Uzee ulipomwingia magotini, bado aliukimbilia, akitukana njia nzima, na akiukosa alicheka kuliko alipoupata. Tjark hakuwa na mtu mwingine duniani aliyependa kucheza naye kama mzee yule. Ndiyo maana yaliyomkuta Oktoba ya mwaka wa ishirini na moja yalimkaa rohoni.

Siku moja ya mwezi huo mama mkwe wake, Tomma, alikuja kliniki kusafishwa meno. Alilala kwenye kiti, akasubiri mpaka msaidizi atoke, kisha akainuka na kukaa.

"Tjark, mwanangu, funga mlango."

"Kuna jino linakusumbua, Mama?"

"Meno yangu hayana neno. Ni Habbo." Alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu wa kuwasikia. "Hospitalini wameona vali ya moyo imebana. Wanataka kumwekea mpya. Amekataa katakata. Kasema yeye si baiskeli. Daktari akasema basi, kutembea sawa, kucheza taratibu sawa, ila asikimbie ghafla. Akikimbia ghafla anaweza kuanguka pale pale."

Tjark aliweka vifaa vyake chini. "Basi tuache kucheza. Nitamwambia nina kazi nyingi."

"Atatafuta mwingine. Atamchukua Hinderk Saathoff. Unamjua Hinderk."

Tjark alimjua. Hinderk angemkimbiza mama yake mzazi kona hadi kona, halafu angemdai kinywaji cha mshindi.

"Nimwambie Wiebke, basi. Tumkalishe sote, tumshawishi."

"Usithubutu!" Tomma alimshika mkono. "Kaniapisha nisimwambie mtu. Nimekwambia wewe peke yako. Akijua nimemwaga mtama hataniambia tena kitu, hata akiwa anakata roho. Wewe cheza naye kama kawaida. Ila usimkimbize. Na asijue kama humkimbizi."

Kisha akalala tena, akafungua kinywa. "Haya, nisafishie. Nisionekane nimekuja bure."

Hivyo ndivyo Tjark alivyofungiwa. Kuacha hawezi, kusema hawezi, kucheza kama anavyojua hawezi. Alikuwa mtu mzima mwenye kliniki, mke na watoto wawili, na mama mkwe wake alikuwa amemtia mfukoni akiwa amelala chali na kitambaa cha kliniki kifuani.

Jumatano iliyofuata aliingia uwanjani roho juu. Mipira mirefu haikumpa taabu. Unairudisha katikati, mzee anapiga hatua mbili, mambo yanaendelea. Taabu ilikuwa ule mfupi. Ulikuja katika gemu ya tatu, mwepesi kabisa, Habbo akiwa upande wa kulia na uwanja mzima wa kushoto uko wazi. Mwili wa Tjark ulichagua wenyewe, kama ulivyofundishwa: kona, mbali. Raketi ikaenda nyuma. Na raketi ilipokuwa njiani akamwona mzee anainama kuanza mbio, akabadilisha. Mpira ukaingia wavuni katikati, kwa aibu.

"Nilikwambia usibadilishe!" Habbo alipiga kelele kwa furaha. "Miaka ishirini, na bado!"

Tangu hapo ikawa hivyo kila wiki. Wavuni, nje, wavuni. Baadaye akajifunza kuupiga kwa usalama, laini, moja kwa moja kwenye raketi ya Habbo, ambaye aliumalizia vizuri bila kutoka aliposimama. Sita kwa mbili. Sita kwa moja. Kwenye uwanja namba tatu, Hinderk mwenyewe aliacha kucheza ili atazame.

"Daktari! Unang'oa meno kwa mkono huo huo? Mungu awasaidie wagonjwa!"

Tjark alicheka, maana angefanya nini. Lakini jioni moja alipokuwa akicheza na mtu mwingine kabisa, kijana wa benki mwenye moyo mzima na mapafu ya farasi, mpira mfupi ulimjia, na mkono ukakataa. Aliusukuma kwa yule kijana kama vile naye ni mgonjwa. Ugonjwa wa mzee ulikuwa umehamia kwenye raketi yake.

Na juu ya yote alikuwa na mlinzi. Ukumbi ule una chumba cha kahawa kilichotengwa na viwanja kwa kioo kirefu, na Tomma, ambaye kwa miaka ishirini na mmoja hakuwahi kukanyaga pale, sasa alikuja kila Jumatano. Aliagiza chai yake ya vikombe vitatu, kama inavyonywewa huku, sukari ya mawe chini na malai juu, akaketi mbele ya kioo. Habbo aliona ni mapenzi ya uzeeni, akampungia raketi. Tjark alijua ni nini. Kila mpira mfupi ulipotua, kikombe cha Tomma kilisimama njiani kuelekea mdomoni. Mpira ukirudi salama kwa Habbo, kikombe kiliendelea na safari. Tjark alianza kukiota kikombe hicho.

Alijaribu kutoroka. Kabla ya Krismasi alijifunga bandeji gotini, akampigia simu mzee kumwambia kwamba ameumia, wapumzike wiki tatu.

"Pole sana, kijana wangu," Habbo alisema. Tjark alikuwa bado kijana wake, mvi zote zile. "Usijali, saa haipotei. Nitamwambia Hinderk."

Jumatano hiyo Tjark aliivua bandeji ndani ya gari, akaingia uwanjani, akafungwa sita kwa bila.

Nyumbani Wiebke alikuwa ameshaanza kushangaa. "Baba anajisifu mpaka kwa muuza mikate. Anasema hajawahi kucheza vizuri hivi maisha yake yote. Una nini wewe?"

"Umri," Tjark alijibu, akipaka siagi mkate uliokwisha kupakwa.

"Umri wa nani? Wako au wake?"

Alitamani kumwambia. Neno lilifika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza pamoja na mkate. Wiebke ni mtoto wa baba yake; asingelala kabla hajaenda kumkabili, na Tomma angebaki na mume asiyesema naye.

Baada ya mwaka mpya jambo lilizidi. Mipira mifupi iliongezeka. Zamani Habbo alitoa mmoja au miwili kwa seti, tena kwa bahati mbaya. Sasa ilikuja mitano, sita, kumi. Ilitua laini katikati ya uwanja, mmoja baada ya mwingine, na Habbo akasimama nyuma akisubiri. Tjark aliona mkono wa mzee umekwisha nguvu. Aliona ugonjwa unamla mbele ya macho yake, na yeye ndiye shahidi pekee, na shahidi amefungwa mdomo. Alirudisha mipira ile kwa Habbo kwa uangalifu. Mara nyingine ilimbidi afute machozi akijifanya anafuta jasho.

Ikafika Jumatano ya mwisho ya Machi, siku ya kufunga msimu. Habbo alikuja amevaa shati jipya jeupe, hana maneno mengi. Walicheza. Ajabu ni kwamba Tjark, pamoja na uangalifu wake wote, hakuwa nyuma sana. Mzee alikuwa akipoteza mipira ambayo kwa kawaida asingeipoteza. Wakafika tano kwa tano. Hapo mpira mfupi ukaja, mwepesi kuliko yote ya msimu mzima, na Habbo akiwa hatua mbili nyuma ya mstari wa mwisho. Tjark aliupokea, akausukuma taratibu mpaka kwenye raketi ya mzee.

Habbo hakuupiga. Aliudaka kwa mkono. Katika miaka ishirini na mmoja hakuwahi kusimamisha mchezo mpira ukiwa hai. Alikuja mpaka wavuni akitembea polepole.

"Njoo hapa."

Tjark akaenda.

"Huu ulikuwa mfupi?"

"Ulikuwa mfupi, Baba."

"Rahisi?"

"Rahisi."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Nyuma. Nyuma kabisa."

"Na wewe umeupeleka wapi?"

Tjark alizitazama nyuzi za raketi yake.

"Umeniletea mkononi kama unampelekea mgonjwa uji." Habbo hakupandisha sauti. "Tangu mwaka mpya nakupa mipira mifupi. Nakupa kwa makusudi. Ulidhani mkono umechoka?" Akarudi hatua tatu, akaudundisha mpira, akauchapa. Ukapita pembeni ya sikio la Tjark, ukatua kwenye kona ya mwisho juu ya mstari, ukalia kwenye pazia la nyuma. "Mkono hauna neno. Nilikuwa natafuta tundu. Tomma kakwambia."

Macho ya Tjark yalikimbilia kwenye kioo. Tomma alikuwa amesimama.

"Usimtazame yeye. Nitazame mimi."

"Kaniambia."

"Lini?"

"Oktoba."

Habbo alitikisa kichwa. Tjark alisubiri matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Hayakuja.

"Desemba daktari wa moyo aliniita," mzee alisema. "Akaniuliza mara ya pili kama nataka hiyo vali. Nikamwambia, bwana mdogo, kila Jumatano nacheza tenisi saa nzima na mtu wa miaka arobaini na minane, namfunga sita kwa moja, natoka pale sihemi. Halafu wewe unaniambia moyo wangu mbovu? Akakosa la kujibu. Nikatoka kwake nimevimba kama jogoo." Aliutazama mkono wake ulioshika wavu. "Kumbe nilikuwa nimesimama tu. Miezi mitano mmenisimamisha mahali pamoja, mimi najiona mzima."

Kila gemu ambayo Tjark alimpa mzee, kila mpira laini, alidhani anamlinda nao. Sasa aliiona mipira hiyo yote imepangwa mbele ya daktari yule kama ushahidi, na ni yeye aliyeitengeneza.

"Baba, sikujua kama..."

"Najua hukujua. Na mimi sikutaka kujua. Februari nilishaona, lakini kumfunga mtu kunanoga, nikasema ngoja wiki hii ipite, na hii nayo." Alivuta pumzi. "Jumatatu daktari anataka jibu la mwisho. Kwa hiyo leo nataka kujua. Nitakupa mmoja. Upige ule ulio sahihi."

"Siwezi."

"Unaweza. Nilikufundisha mwenyewe."

"Nenda kwa daktari, mwambie ukweli. Mwambie ulidanganywa. Inatosha, Baba, si lazima..."

"Nimwambie kwamba mke wangu na mkwe wangu wanadhani mimi mgonjwa? Hilo analijua. Mimi ndiye sijui." Alimwelekezea Tjark raketi kifuani. "Mimi sijahisi kitu, unanielewa? Hata siku moja. Hamkuniachia nihisi. Ukiniletea tena uji, natundika raketi leo, na Jumatatu namwambia hapana, kwa mara ya tatu, na asiniite tena."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka, nitakuwa nimeanguka nikicheza tenisi. Rudi mahali pako."

Akageuka, akaondoka wavuni bila kungoja jibu.

Tjark alirudi nyuma. Upande wa kulia, ukutani karibu na mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, kilining'inia kile kisanduku cha kijani cha kuushtua moyo uliosimama. Alipima umbali kwa macho: hatua kumi na sita, labda kumi na tano akikimbia. Nyuma ya kioo Tomma alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana, viganja vyote viwili juu ya kioo, na sauti yake haikupenya. Hata Hinderk alikuwa ameacha kucheza, amesimama akitazama.

Akimhurumia, mzee atakataa vali, na moyo ule utajifunga siku yoyote, kitandani au kwenye ngazi, akiamini mpaka mwisho kwamba ni mzima. Asipomhurumia, huenda ukajifunga sasa hivi mbele ya mkewe. Tjark alitafuta mlango wa tatu, akauona: kona. Angeuchapa mpira kwa nguvu zote kwenye kona, haraka hivi kwamba mzee asingepata hata muda wa kuanza kukimbia. Hakuna ambaye angemlaumu. Ulikuwa mpira mzuri. Lakini Habbo alikuwa amesimama katikati kabisa, hatua tatu nyuma ya mstari, mgongo karibu uguse pazia, na kwa mtu aliyesimama hapo mpira sahihi ni mmoja tu. Mzee alikuwa amejipanga mwenyewe, asimwachie uhuru hata kidogo. Kona ingekuwa uji mwingine, ila wa moto.

Tjark alianzisha. Habbo akarudisha. Wakabadilishana mipira mitatu mirefu, mizuri, kama zamani. Wa nne ulitoka kwenye raketi ya mzee ukiwa juu na mlegevu, ukaja katikati ya uwanja.

Tjark alichagua kabla haujadunda. Alikwenda mbele, akairudisha raketi nyuma kama mtu atakayechapa, akamwona Habbo anainama, akaona kila kitu, na hakubadilisha. Aliukata mpira kutoka chini, laini, kama anavyoshika sindano mbele ya mtoto. Ukauvuka wavu kwa upana wa kiganja, ukaanza kufia upande wa pili.

Habbo alikimbia. Hatua ya kwanza ilikuwa ya Habbo wa miaka yote, kidevu mbele, raketi imenyooshwa. Ya pili pia. Alikuwa akitukana, Tjark alimsikia. Hatua ya tatu matusi yakakatika. Ya nne ilikuwa fupi. Ya tano haikuja. Alisimama mwenyewe katikati ya uwanja wake, mkono umeshika shati jeupe kifuani, akautazama mpira ukidunda mara ya pili, ya tatu, ukabingirika mpaka kwenye wavu na kutulia. Aliutazama kwa makini, kama mtu anayesoma. Kisha akapiga goti moja, la pili, akakaa chini kwenye zulia la uwanja.

Tjark hakumbuki alivyouvuka wavu. Alimlaza mzee mgongo ukiegemea kifua chake, akamshika kifundo cha mkono. Midomo ya Habbo ilikuwa na rangi ya majivu. Mapigo yalikimbia, yakajikwaa, yakakimbia tena. "Kisanduku!" Tjark alipiga kelele, na Hinderk alikuwa tayari ameking'oa ukutani, anakuja nacho mbio, uso umempauka.

Hawakukihitaji. Pumzi ilirudi kidogo kidogo, kwa mluzi. Mapigo chini ya vidole vya Tjark yakaanza kujipanga.

"Nne," Habbo akasema alipoweza.

"Usiseme kitu, Baba."

"Hatua nne, Tjark. Mpira ule mwaka jana nilikuwa naufikia."

Tomma alifika akiwa na mkoba wake kifuani, nywele zimemfumuka, na kabla hajamgusa mumewe alimgeukia Tjark. "Nilikuomba kitu kimoja! Kimoja tu, na wewe ukaniahidi!"

Tjark alizidi kumkumbatia mzee wake, vidole vikiwa bado kwenye kifundo cha mkono.

"Mwache," Habbo alimwambia mkewe. "Umemfunga kamba vya kutosha. Ile barua ya hospitali, unayo hapo?"

Tomma akafungua mkoba, akaitoa, imekunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo kwa kubebwa kila siku tangu vuli.

"Wapigie. Waambie nakubali." Akapumzika kidogo. "Na usiwaambie Jumatatu. Waambie waje sasa."

Tomma aliketi chini pale pale kwenye zulia, na viatu vyake vya mtaani, akaanza kubonyeza namba, akikosea na kuanza upya, huku akilia. Hinderk aliichukua simu mkononi mwake polepole, akapiga yeye.

Tjark aliinamisha kichwa mpaka karibu na sikio la mzee. "Nisamehe, Baba."

Habbo alikuwa akiutazama mpira uliolala karibu na wavu.

"Ulikuwa mpira sahihi," alisema. "Ungenipa huo Oktoba."

Tjark hakukiachia kifundo cha mkono wake. Alihesabu mapigo, akahesabu tena, na walipofika watu wa gari la wagonjwa ilibidi wamfumbue vidole kimoja kimoja.